Kiti cha Maman Abigaël

Schaerbeek, 17 Oktoba 2023

Kwako Maman Roos,

Namba yako ya simu nimeizuia, hilo unalijua. Nikisikia sauti yako nitapiga kelele, na majirani zangu Waturuki wana mtoto mchanga. Donc naandika. Wewe mwenyewe uliniambia kwamba wasichana wako wa shule kule Bukavu uliwafundisha kuandika barua kabla ya jambo lingine lolote, kwa sababu kwenye barua mtu hawezi kukatizwa. Leo usinikatize.

Tulimzika mama yangu Abigaël tarehe 29 Septemba, kwenye makaburi ya Evere, hapa hapa Brussels. Nilikuona umesimama nyuma ya watu wa kanisa na koti lako la kijani. Sikuja kukusalimia. Nilitaka uone kwamba sikuja.

Mimi ndiye niliyewakutanisha, na hilo ndilo linalonikaba. Nilimtunza mumeo Pieter miezi minane pale kwenu Uccle hadi akafariki. Nikaona umebaki na nyumba kubwa na Kiswahili kizuri kisicho na wa kukijibu. Na mimi nyumbani nilikuwa na mama wa miaka sabini na saba, Kifaransa hajui, kutwa anatazama dirishani akihesabu tramu. Nikasema, bon, wenye upweke wawili wakikaa pamoja upweke unapungua. Kila Alhamisi nilimpandisha tramu 92 mwenyewe, nikienda kazini na moyo mweupe.

Mwezi wa Juni akarudi ana udongo mweupe kwenye paji la uso na kwenye viwiko. Alikuwa amejaribu kuufuta kwa leso. Kwamba wewe ni mtu wa Wicca, ile dini ya wapagani wa Ulaya, nilijua, ulinieleza mapema, nami nikasema kila mtu na nyumba yake. Lakini mama yangu tena? Nilimpeleka kwa Mchungaji Modeste, kanisani kwetu Anderlecht. Jumapili tatu mfululizo alimwekea mikono kichwani akikemea. Maman aliinama tu, kama mtoto anayenyolewa. Na kwako hakuja tena. Septemba presha ikapanda, akaanguka jikoni.

Nina swali moja. Kule msituni alikosema mnakwenda kutembea, mlikuwa mnafanya nini?

Claudine

*

Uccle, 21 Oktoba 2023

Claudine mpendwa,

Nakupa pole kwa mara ya pili. Ile ya kwanza uliipa mgongo, na ulikuwa na haki.

Umeuliza tulifanya nini. Tulitembea. Mama yako aliipenda miti ya msitu wa Soignes kwa kuwa, alisema, imesimama mistari kama wanafunzi wa masista. Nilibeba chai kwenye chupa na viazi vitamu vya kuchemsha, tukakaa kwenye benchi na kuongea habari za kwao Kabare. Mimi niliishi Bukavu miaka sita tu, lakini aliniacha niringe kama niliyezaliwa huko.

Dini yangu nilimweleza kwa sababu aliuliza. Nilimwambia sisi wa Wicca tunamheshimu Mungu wa kike na Mungu wa kiume mwenye pembe, tunafuata majira ya mwaka, tunasali tukiwa kwenye duara. Akaniuliza, "Na hii dini yenu iko na myaka ngapi?" Nikasema, kwa jinsi watu wanavyoijua leo, karibu sabini. Alicheka mpaka akajishika ubavu. "Aah! Basi njo mudogo yangu!" Yaani dini yangu ni mdogo wake.

Siku moja nilimchukua hadi Anderlecht, kwenye chumba cha nyuma cha mkahawa ambako wapagani wa Brussels hukutana kila mwezi. Tupo sisi wa Wicca, wapo watu wa kidruidi, wanaofuata makuhani wa kale wa misitu ya Ulaya, na lipo kundi la Arne, wanaofuata miungu ya kale ya Kaskazini. Huwa tunagombana kwa adabu. Mimi hushikilia kwamba sote ni ndugu, kwamba miungu ni ile ile na kinachobadilika ni majina. Arne hushikilia kwamba kila mungu ana watu wake, na kila watu wana wafu wao. Aliniambia mbele ya mama yako kwamba sisi wa Wicca tunakula kwenye kila harusi ila hatujawahi kupika. Nilimtafsiria Maman, nikidhani atanitetea. Yeye akawa anamtazama Arne akimwaga bia kidogo sakafuni kwa ajili ya babu yake wa Gent, akimtaja kwa jina. Akaniambia, "Huyu, njo muntu iko na kwabo," yaani mtu mwenye kwao. Nilimwonea Arne wivu wiki nzima.

Udongo mweupe ulikuwa kumbukumbu za utoto wake. Alitaka kujipaka, nikamsaidia. Hakuna lililotendeka la kukuogopesha. Lala kwa amani, mwanangu.

Akupendaye,
Roos

*

Schaerbeek, 6 Novemba 2023

Maman Roos,

Viazi vitamu! Njia ya mwongo ni fupi, lakini yako imefika mpaka Kabare.

Jana mama mdogo Précieuse, mdogo wake Maman, alinipigia simu kutoka huko. Jambo la kwanza aliloniuliza ni jina la yule mzungu aliyemrudisha dada yake kwenye kiti. Nikamwuliza, kiti gani? Akanieleza saa nzima, nami nimekaa kwenye ngazi za jengo ili watoto wangu wasisikie.

Mimi nilizaliwa ndani ya ubatizo. Lyangombe, mzimu mkuu wa wazee wetu, kwangu lilikuwa jina la kutishia watoto wasiolala. Kumbe Maman, akiwa na miaka kumi na moja, aliketishwa kwake. Wazee wa ukoo walimpaka udongo mweupe, wakamkalisha kwenye kiti, wakampa kiapo cha kutosema. Hiyo ni mara ya kwanza. Inatakiwa mtu arudi kwenye kiti mara ya pili, akiwa mkubwa, ndipo anakuwa amefika. Mwaka uliofuata masista wakambatiza, na mambo ya kiti yakakatazwa nyumbani. Akabaki hivyo miaka sitini na mitano, Précieuse anasema, kama mgeni aliyeachwa mlangoni. Na kwa imani yao asiyerudi akifa hapokelewi na wenzake. Anaenda kwenye moto wa volkano ya Nyiragongo. Maman alikuwa anaogopa moto huo miaka yote ile, Maman Roos, akiwa na rozari mkononi, halafu na Biblia yangu mkononi. Mimi sikujua anaogopa kitu.

Mwezi wa Juni alimpigia mdogo wake akilia kwa furaha. Amerudishwa kwenye kiti, huku huku Ulaya, na mzungu aitwaye Roza. Sasa sikia vizuri. Anayekuketisha lazima yeye mwenyewe awe ameketishwa, na aliyemketisha awe ameketishwa, mpaka huko nyuma kusikojulikana. Kama hakuketishwa, alichofanya ni mchezo, na Maman bado yuko mlangoni.

Jumamosi tarehe 18 ukoo unakutana Kabare kumaliza matanga. Lazima niwape jibu siku hiyo. Ukiwa umeketishwa, wanataja jina lako, inaisha. Ikiwa hukuketishwa, njia bado ipo. Précieuse atakalia kiti badala ya dada yake. Lakini lazima ifanyike kabla matanga hayajafungwa, na anayekiomba kiti hicho ni mtoto wa marehemu, kwa mdomo wake, wazee wakisikia. Mtoto ni mmoja tu, ni mimi. Nimwite Lyangombe kwa jina na kumwomba ampokee mama yangu. Mimi ninayeongoza kwaya.

Alors, neno moja linatosha. Uliketishwa au hukuketishwa? Andika, upeleke posta.

Claudine

*

Uccle, 11 Novemba 2023

Claudine mpendwa,

Barua yako nimeipata. Nina mafua makali na daktari amenikataza kuinuka. Nivumilie siku chache, jambo hili linahitaji maelezo na sitaki kulijibu vibaya. Nitakuandikia vizuri.

Roos

*

Uccle, 14 Novemba 2023

Claudine,

Sina mafua.

Jibu ni hapana. Naliandika mwanzoni ili hata ukiichana barua hii uwe umelisoma.

Sasa maelezo, ambayo hayanisaidii. Majira ya kuchipua mama yako alianza kuzungumzia mti wa maua mekundu. Alinisimulia kwamba Lyangombe alikuwa mwindaji, akarushwa na nyati, akafia kwenye mti huo, na kwamba kiti huwekwa chini yake. Brussels mti huo hauoti. Nikaenda kwenye duka la miche hapa Uccle, nikapata jamaa yake wa Amerika Kusini, yuko kwenye chungu. Nilimletea nikijisifu. Alishika jani, akaligeuza, akasema, "Hii iko ndugu yake ya mbali." Nilisikia "ndugu." "Ya mbali" sikulisikia.

Nikamwambia, unaona, Maman, hata miungu yetu ni ndugu, wetu naye ana pembe. Akanitazama kwa huruma. "Kwetu, mapembe njo ilimuuaka." Claudine, nimekuwa kuhani wa Wicca karibu miaka arobaini, na sijawahi kukanushwa kwa maneno machache namna hiyo. Mungu wangu anavaa pembe, wake aliuawa nazo. Ningekaa kimya siku ile ningejifunza kitu. Badala yake nikamweleza kwamba kifo na uhai ni kitu kimoja. Nilikuwa na jibu kwa kila jambo.

Alhamisi moja ya Juni akaniomba nimrudishe kwenye kiti. Hakuwa na mwingine. Lakini kwanza aliniuliza, na aliniuliza wazi, kwa utaratibu, kama mtu anayesoma mstari wa sheria: "Weye Roza, ulikalishwaka kwa Lyangombe?"

Nilikuwa na muda wa kusema hapana. Nakumbuka mbwa wa mtu alipita, nikamwangalia mpaka akapotea. Nikawaza, mimi nimeapishwa. Mwaka 1984 nilifungwa macho, nikaongozwa ndani ya duara, nikapewa jina. Ikiwa miungu ni ile ile, basi mlango ni ule ule, na mtu aliyeingia kwa mlango mmoja ameingia. Ndivyo ninavyofundisha. Ndivyo nilivyomjibu Arne mara mia. Nikasema, "Ndiyo, Maman."

Nilikuwa na kiti cha kukunja cha Pieter, kile cha kuvulia samaki. Alikaa. Nilimpaka udongo. Kisha akanisogeza karibu aninong'oneze maneno ambayo asiyeketishwa haruhusiwi kuyasikia, nami niliyasikiliza yote. Elewa uzito wa hilo. Kiapo changu mwenyewe, cha Wicca, sijawahi kumfunulia mtu asiyeapa. Hata Pieter alikufa hajui jina langu la duarani. Naijua thamani ya mlango uliofungwa kuliko watu wengi wa mji huu, na wa kwenu nimeusukuma kwa bega.

Alinishukuru. Akala viazi viwili. Hiyo ni kweli, viazi vilikuwepo.

Waambie wazee wa Kabare hapana. Omba hicho kiti, Claudine, hata kama ni kwa shingo upande. Naona aibu kukuomba wewe ulipe kwa neno langu.

Roos

24 Novemba

Barua hii imekaa siku kumi kwenye meza ya mlangoni, ina stempu. Kila asubuhi nilivaa koti, nikaishika, nikairudisha. Mwanzoni nilijiambia naogopa hasira yako. Si hivyo. Nikikuandikia hapana, nakiri kwamba dini yangu haina undugu na ya mama yako, kwamba Arne yuko sahihi, na kwamba mimi ni mgeni kila mahali nilipojiita mwenyeji. Nilishindwa kukiri hilo mbele ya bahasha.

Jumamosi ya tarehe 18 imepita. Sijui ulisema nini. Leo naipeleka posta.

*

Schaerbeek, 29 Novemba 2023

Maman Roos,

Barua yako imefika jana. Nimeisoma nikiwa nimesimama, na koti sijalivua.

Nilisema ndiyo.

Acha nikueleze ilivyokuwa, kwa sababu sina mwingine wa kumweleza. Siku ile ya Jumamosi walinipigia saa nane mchana. Précieuse aliweka simu katikati ya watu. Nilisikia kuku, nilisikia mtu anakohoa, nilisikia wazee wanaambiana wanyamaze. Mwana wa M'Bisimwa yuko kwenye laini, walisema. Hilo ndilo jina la Maman la kwao, nililisikia mara ya mwisho nikiwa mdogo. Halafu mzee mmoja akaniuliza, taratibu sana, "Mutoto yetu, ule mama wa Ulaya, alikalishwaka?"

Kitu pekee nilichokuwa nacho kutoka kwako ni mafua. Nikawaza, nikisema sijui, wataniambia basi omba kiti. Maneno yenyewe Précieuse alikuwa amenifundisha Ijumaa, ni mafupi, nusu dakika. Nilikuwa nayo kwenye karatasi mkononi. Nikamwona Mchungaji Modeste, nikawaona kwaya wote na sare zao za bluu. Nikajisemea, hiyo si dini yangu, uongo kwenye dini ya wengine hauna uzito. Nikasema, "Ndiyo, papa. Alikalishwa." Wakapiga makofi. Kule Kabare walipiga makofi, Maman Roos, na wakaimba, na jina lako likatajwa. Matanga yakafungwa.

Usifikiri nakuandikia kukutukana. Nilikuwa nimejiandaa kukutukana tangu Oktoba, nilikuwa na maneno mazuri sana. Lakini nimesoma ile sehemu ya mbwa. Mimi sikuwa na mbwa, nilikuwa na jokofu. Nililitazama hilo mpaka nikajibu.

Kuna jambo hulijui, na mimi sikulijua mpaka Jumamosi. Baada ya nyimbo, Précieuse alichukua simu akatoka nje, akalia. Alilia kwa kushukuru. Akaniambia kwamba mwezi wa Agosti, baada ya zile Jumapili tatu, Maman alimpigia na kumwuliza: aliyekuketisha akiwa hakuketishwa, inakuwaje? Précieuse akamjibu, dada, basi na wewe hukukaa. Lakini si shida, uko hai, mimi nitakaa badala yako hapa nawe usikilize kwenye simu, mwanao aombe tu, nusu saa imekwisha. Maman akamwambia, "Hapana, nilikuwa nauliza tu."

Donc alihisi. Sijui ni ule mti wako wa kwenye chungu, au ni jinsi ulivyoangalia mbwa. Mama yangu hakusoma, lakini alijua mtu anayetafuta jibu.

Na wiki ile ile ya Agosti, jikoni, nilikuwa nakata sombe, majani ya muhogo. Akavuta kiti akakaa nyuma yangu. "Claudine, minaomba nikuulize kintu moja." Nilikuwa bado na hasira ya udongo ule. Nikamwambia, Maman, kama ni mambo ya yule mzungu, tuombe kwanza, tutaongea siku nyingine. Nikaongeza sauti ya redio. Alikaa kidogo, akanyanyuka, akaenda dirishani kwake. Nimefanya kazi ya kutunza wazee miaka kumi na tisa. Wazungu wote wa Uccle wananisifu kwamba najua kusikiliza.

Sasa hakuna wa kukaa tena. Mambo yamefungwa kwa neno langu. Nikimwambia Précieuse ukweli leo, namtoa dada yake kwenye kiti mbele ya ukoo mzima, na cha kumrudishia sina. Nikinyamaza, Kabare wote wanajua kwamba Maman amefika, isipokuwa mimi na wewe. Mimi sijui kama Lyangombe yupo. Ninachojua ni kwamba Maman alijua yupo, na alikufa akiwa na swali, na watu wawili waliokuwa wakimpenda katika mji huu kila mmoja alikuwa na dini ya kumzuia asijibu.

Wewe ulimdanganya akiwa hai, akakutazama usoni, akakugundua. Mimi nimemdanganya yuko chini.

Jumapili nimeimba. Sauti ilitoka, watu walisema amina.

Nina ombi, na si la kupatana. Nenda Evere. Ukiingia lango kubwa, ni upande wa kushoto, safu ya mwisho kabla ya ukuta, msalaba wa mbao bado haujabadilishwa. Mwambie hapana, kwa Kiswahili chako cha shule, kwa sauti, hata kama kuna watu. Ukishamaliza mwambie na yangu pia. Mimi nimeshakwenda mara mbili kumwambia, na mara zote mbili nimeishia kufagia majani.

Claudine